Jina la Mungu katika Majina ya Watoto Wetu

Mzazi mmoja alimleta mwanawe abatizwe. Nikamwuliza jina alilomchagulia. Akajibu, "Deus, Padre." Nikamwuliza kama ajua maana yake. Akatabasamu, akasema kwamba ndilo jina la babu wa mtoto, tena ni la Kilatini, basi halikosi kuwa la dini. Sikumlaumu, maana ni wangapi kati yetu tujuao maana ya majina yaliyoandikwa katika vyeti vyetu vya ubatizo? Lakini Deus maana yake ni Mungu, si zaidi wala si pungufu, na hapana mama Mkristo apendaye kumwita mwanawe uani, "Mungu, njoo ule!"

Basi, wasomaji wapenzi, tulitazame neno hili. Halikuzaliwa kanisani. Warumi walilitumia kwa miungu yao mingi karne nyingi kabla Injili haijafika kwao. Asili yake ni neno la kale sana lililotaja mbingu ing'aayo mchana. Katika shina hilohilo lilichipuka dies, yaani siku, na pia Jupiter, mungu mkuu wa Warumi, ambaye jina lake lasema "Baba Mbingu". (Neno Theos la Kiyunani, ingawa masikioni lafanana na Deus, si ndugu yake, waseminari wengi wamedanganyika hapo.)

Wakristo wa kwanza waliosema Kilatini iliwapasa kuchagua. Jupiter wakamkataa kabisa, kwani hilo lilikuwa jina la mungu fulani mwenye sanamu, hekalu na makuhani wake. Deus wakalipokea, ila wakaliondolea wingi wake. Tertullianus, mwandishi wa Karthago katika Afrika ya Kaskazini, aliwaambia wapagani yapata mwaka 197 kwamba wao wenyewe, wakibanwa na shida, huisahau miungu yao na kumwita Mungu mmoja kwa neno hilohilo.

Jupiter alibakiwa na siku tu: Alhamisi, ambayo Wafaransa huiita jeudi na Wahispania jueves. Wareno hawakumwachia hata hiyo. Wao huhesabu siku zao kwa namba, kama sisi tuhesabuvyo tangu Jumamosi.

Dola ya Warumi ilipovunjika, Kilatini cha watu wa kawaida kikageuka polepole kuwa lugha nyingi. Wareno wakabaki na Deus vilevile. Wahispania husema Dios, Wafaransa Dieu, Waitaliano Dio. Waromania wao husema Dumnezeu, na ukilichunguza utaona maneno mawili yaliyoshikamana: Domine Deus, Bwana Mungu. Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 waliichukua lugha ya Kihispania ugenini, lakini husema Dio, si Dios. Husemwa kwamba herufi ile ya mwisho, ambayo katika Kihispania ni alama ya wingi, iliwachukiza watu wanaoungama Mungu mmoja.

Turudi kwa watoto wetu. Deusdedit ni "Mungu ametoa". Adeodatus ni "aliyetolewa na Mungu", na Dieudonné, jina la wengi huko Kongo, Rwanda na Burundi, ni hilohilo kwa Kifaransa. Papa aliyefariki mwaka 618 huitwa Deusdedit katika vitabu vingine na Adeodatus katika vingine, naye ni mtu mmoja. Mtakatifu Augustino alipata mtoto nje ya ndoa kabla hajaongoka, akamwita Adeodatus. Baba na mwana walibatizwa pamoja na Mtakatifu Ambrosi mjini Milano, Pasaka ya mwaka 387. Kijana akafa hajatimiza miaka ishirini. Hata mtoto wa namna ile alikuwa zawadi, na baba yake hakuona haya kulitangaza hilo kwa jina.

Deogratias ni "Mungu ashukuriwe". Mwaka 455 Wavandali waliuteka nyara mji wa Roma, wakaleta mateka wengi Karthago kwa merikebu. Waume walitengwa na wake, watoto na wazazi. Askofu wa Karthago, jina lake Deogratias, aliuza vyombo vya dhahabu na fedha vya kanisa ili awakomboe, akageuza makanisa mawili kuwa hospitali, na usiku akazunguka mwenyewe akiwauguza, ingawa alikuwa mzee. Kila nyumba yenye Deogratias, baba na amsimulie habari hii.

Na yule mzazi wangu? Tulilitafuta daftari la zamani la ubatizo, tukamwona babu: ameandikwa Deusdedit. Nusu ya jina ilikuwa imepotea njiani, midomoni mwa watu. Nikamwandika mtoto kwa jina zima. Nyumbani, nasikia, wamwita Deo. Na hilo kwa Kilatini ni "kwa Mungu", halina ubaya.