Nyufa za Likizoni

Likizo ya Agosti sisi wa Kabazi tulisaidiana kazi ya Kiswahili kwa WhatsApp. Shuleni simu ni marufuku, na nyumbani pia lazima usubiri mzazi atoke shambani ndipo uazime. Swali la nne lilitutoa jasho: andika kwa wingi, "Ufa wa ukuta huu umezibwa."

Mama alikuwa anataka simu yake, nami kwa haraka nikatuma: "Maufa ya makuta haya yamezibwa." Wenzangu wakanakili. Shule zilipofunguliwa, wanafunzi tisa wakapata sufuri kwa ajili yangu! Mmoja alininunia wiki nzima, na sikumlaumu.

Basi tukadurusu upya. Ufa na ukuta ni nomino za ngeli ya U-ZI. Ukiondoa U- katika ukuta, hubaki -kuta, silabi mbili. Wingi wake ni kuta, kama ukucha na kucha. Lakini katika ufa hubaki -fa, silabi moja tu. Shina fupi namna hiyo haliachi U- yake, bali huongezewa ny-: nyufa, nyuso, nyuzi. Jibu basi ni: "Nyufa za kuta hizi zimezibwa." (Ulimi usiniulize, huo una njia yake: ndimi.)

Siku hizi kikundini hatupokei jibu tupu. Ukituma, eleza umelipataje. Na yule aliyeninunia ndiye huwa wa kwanza kuniuliza, "Kwa nini?"