Mfumo wa zamani wa matokeo tuuzime lini?

SWALI: Chuo chetu kimepata mfumo mpya wa matokeo, lakini wa zamani bado unaendeshwa kwenye Windows Server 2008. Mkuu wangu anataka uzimwe mwisho wa mwezi. Nimkubalie?
Afisa TEHAMA, Morogoro

JIBU: Kuzimwa ni lazima. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya toleo hilo Januari 2020. Ila mwisho wa mwezi ni haraka mno.

Majina na alama vitahama bila shida. Kinachoponza vyuo ni kanuni za madaraja. B+ ya miaka hiyo huenda ilianzia alama tofauti na ya leo, na kanuni yenyewe mara nyingi imefichwa ndani ya programu. Ukiiacha huko, mhitimu akiomba transkripti atapewa GPA isiyo yake, na hapo ndipo kesi huanza. Chukueni nakala za transkripti za zamani zenye muhuri, za kila mtaala, mzitoe upya kwenye mfumo mpya mkilinganisha mstari kwa mstari.

Zikifanana, wa zamani ubaki wa kusoma tu muhula mmoja, nje ya intaneti. Angalieni nani bado anaingia (aghalabu ni uhasibu). Mkishauzima, diski zifutwe kabisa kabla ya seva kupigwa mnada.