Keria ya Gari la Parokia: Tuichague kwa Kuutazama Mlima, Siyo kwa Kuutazama Mzigo



Kila kiangazi kinapokaribia, safari za parokia huongezeka. Kuna semina, jubilei, harusi, ziara za vijana na mikutano ya akina mama. Safari zinapoongezeka, kamati nyingi huleta ombi lile lile: "Tusaidieni tufunge keria kubwa juu ya gari letu." Ombi hili ni la haki. Gari la parokia ya milimani hubeba watu, vyombo, chakula, mabati ya kigango na, usiku ukiingia, mgonjwa wa kupeleka hospitali.

Hata hivyo, mara nyingi ombi huja likiwa na swali moja tu: keria itabeba kiasi gani? Katika somo hili tunaomba kamati zianze na swali jingine: gari litapita wapi? Barabara ya Sangasanga kwenda Langali na Nyandira, katika tarafa ya Mgeta, huacha lami ya barabara ya Iringa na kupanda zaidi ya meta 1,000 kwa kona na kingo. Keria inayofaa kwa safari nzima ni ile inayofaa katika kona mbaya kuliko zote za safari hiyo.

1. Paa lina kikomo chake

Kitabu cha gari hutaja uzito ambao paa linaweza kubeba gari likiwa linatembea. Kwa magari mengi madogo kikomo hicho ni kati ya kilo 50 na 100. Magari makubwa ya kazi huweza kuruhusiwa zaidi. Kama kitabu kimepotea, muulizeni wakala wa aina hiyo ya gari. Msikisie.

Mambo mawili husahaulika hapa. La kwanza, keria yenyewe ni sehemu ya uzito huo. La pili, kikomo hicho hudhani kuwa barabara ni nzuri. Gari likipiga shimo, mzigo hurushwa kidogo, kisha hurudi na kuligonga paa kwa nguvu kuliko uzito wake ukiwa umetulia. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wa keria huagiza uzito ulioruhusiwa kwenye lami ugawanywe kwa 1.5 gari likienda barabara mbaya. Paa la kilo 100 huwa la kilo 67 hivi.

Kuna jambo la tatu, nalo ndilo linaloua. Mzigo ukikaa juu, kitovu cha uzito wa gari hupanda, na gari huwa jepesi kupinduka. Mama wa Kiluguru hupita kwenye kijia chembamba na ndoo kichwani bila kumwaga maji, kwa sababu shingo na kiuno chake husahihisha kila hatua. Gari halina shingo. Likiinama upande wa bonde, mzigo wa juu hulivuta kwenda huko huko.

2. Keria "imara" inaweza kula nafasi yote

Watu wengi humwomba fundi atumie bomba nene ili keria idumu. Tupige hesabu. Bomba la maji la inchi moja, la unene wa kati, lina uzito wa kama kilo 2.4 kwa kila meta. Keria inayotumia meta 20 za bomba hilo itakuwa na kilo 48 kabla ya kuongeza miguu na nati. Chuma cha mraba chenye uwazi ndani, cha milimeta 25 kwa 25 na unene wa milimeta 1.5, kina kama kilo 1.1 kwa meta. Meta 20 ni kilo 22.

Sasa turudi kwenye paa letu la kilo 67 kwa njia ya mlimani:

- Keria ya bomba nene (kilo 48) inaacha kilo 19 za mzigo.
- Keria ya chuma cha mraba (kilo 22) inaacha kilo 45.
- Pau mbili za kukatiza (tuseme kilo 7) zinaacha kilo 60.

Kwa hiyo keria inayoonekana kuwa na nguvu kuliko zote ndiyo inayobeba kidogo kuliko zote. Mara nyingi kinachoshindwa kwanza ni paa, au miguu inayoishika keria. Bomba lenyewe hubaki zima. Kabla keria haijafungwa, ipimeni kwenye mizani ya sokoni na uzito wake uandikwe katika daftari la gari.

3. Aina za keria na mahali zinapofaa

Pau mbili au tatu za kukatiza. Ni nyepesi, bei yake ni nafuu na huondolewa kwa urahisi. Zinafaa kwa vitu virefu na vyepesi, kama mbao chache au ngazi. Hazifai kwa mizigo midogo midogo.

Keria ya kikapu. Ina ukingo pande zote, hivyo mabegi na magodoro hayatelezi. Inatosha kwa parokia nyingi. Hasara yake ni kwamba ukingo huwashawishi watu kujaza.

Keria ndefu ya kufunika paa zima. Inafaa kwa magari yenye mfereji wa mvua pande zote mbili za paa, kama Land Cruiser za mtindo wa zamani, kwa sababu miguu sita au minane hugawa uzito kwenye mfereji. Isiwekwe kwenye gari dogo.

Sanduku lililofungwa. Huzuia mvua na vumbi, na hupunguza upepo. Bei yake ni kubwa, na likipasuka si rahisi kulitengeneza vijijini.

Gari lisilo na mfereji lifungwe kwenye reli zake au kwenye matundu ya bolti yaliyotengenezwa kiwandani. Fundi asitoboe paa. Tundu huingiza maji, maji huleta kutu, na masika mawili baadaye gharama yake hupita bei ya keria.

Vilevile, kumbukeni kuwa keria tupu nayo inakula mafuta. Upepo unaolikabili gari likienda kilometa 100 kwa saa una nguvu zaidi kwa nusu na ushee kuliko likienda 80. Kama safari za keria ni chache kwa mwaka, chagueni inayoondolewa.

4. Mfano wa safari: Nyandira hadi Iringa

Tuseme watu tisa pamoja na dereva wanatoka Nyandira kwenda semina Iringa. Watashuka hadi Sangasanga, watapita Mikumi, watapanda Kitonga. Mizigo yao ni hii:

- mabegi 9, kilo 8 kila moja: kilo 72
- magodoro 9 ya sponji, kilo 3 kila moja: kilo 27
- sufuria mbili kubwa: kilo 10
- turubai: kilo 5
- dumu la maji la lita 20: kilo 20
- gunia la viazi, zawadi kwa wenyeji: kilo 100

Jumla ni kilo 234. Paa lenye keria ya chuma cha mraba lina nafasi ya kilo 45. Kanuni ni rahisi: chepesi na kikubwa kwa umbo kiende juu, kizito kikae chini. Magodoro, sufuria na turubai ni kilo 42. Hivyo ndivyo vinavyopanda. Mabegi yakae chini ya viti na nyuma, na maji yakae sakafuni. Lakini msisahau kwamba hata vilivyomo ndani, pamoja na watu wenyewe, vinahesabiwa katika uzito wa jumla wa gari.

Na gunia la viazi? Mahali pake siyo juu, hata kama keria ina nafasi ya kuliweka. Kama ndani hapatoshi, lipelekwe kwa lori la mboga hadi Morogoro na lisafirishwe kutoka huko, au zawadi iwe debe moja.

Magodoro yafungwe kwanza kwenye nailoni. Sponji hunywa maji, na godoro la kilo 3 likilowa uzito wake huongezeka mara kadhaa. Mvua ya nusu saa inaweza kuvuka kikomo cha paa bila mtu yeyote kupakia kitu.

Barabara kuu hupita kama kilometa 50 ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako twiga au nyati anaweza kuvuka wakati wowote. Dereva akishika breki ghafla, mzigo wa juu husonga mbele. Kwa hiyo kamba za kuzuia mzigo usiende mbele ndizo za kwanza kufungwa.

5. Kufunga na kukagua

Mikanda yenye kibano ni bora kuliko kamba. Kama ni kamba, kumbukeni kuwa kamba ya katani ikilowa hujikaza na ikikauka hulegea, ilhali ya nailoni hunyooka ikilowa. Mtu akitoka kwenye ukungu wa Mgeta na kuingia kwenye joto la bondeni, kamba aliyoikaza asubuhi siyo ile aliyonayo saa sita. Mipira ya tyubu isaidie tu. Isiachiwe kazi ya kushika mzigo peke yake.

Dereva asimame mara tatu: baada ya kilometa kumi za kwanza, gari linapoingia lami, na kila linapoiacha. Akaze mikanda, aguse nati za miguu ya keria, atazame kama ukingo wa paa umeanza kubonyea.

Watu hawapandi juu ya keria, hata kwa mwendo mfupi, hata vijana wakisema wamezoea.

6. Zawadi za njiani

Tumefika kwenye jambo ambalo hesabu peke yake hailimalizi. Safari ya kwenda inaweza kupangwa vizuri kabisa, kisha ikaharibika wakati wa kurudi. Milimani kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Mzee mmoja ataleta mkungu wa ndizi, mama mwingine kabeji, kigango kizima kitachangia gunia la njegere au viazi, pengine lumbesa. Kukataa ni kumdharau aliyetoa. Matokeo yake, keria iliyoshuka na kilo 42 inarudi na kilo 150, jioni, na mvua inanyesha.

Mara nyingi anayeachwa aseme hapana ni dereva. Lakini dereva ni kijana aliyeajiriwa. Mbele yake wamesimama wazee, Padre na mwenyekiti wa kamati, na nyuma yao mama aliyebeba ndizi hizo kichwani kutoka shambani. Hawezi kusema hapana. Atafunga, atanyamaza, ataondoka. Gari likipinduka, kesi itakuwa yake.

Kwa hiyo tunashauri kila kamati ifanye mambo matatu:

Kwanza, ipitishe azimio na kuliandika katika muhtasari: uzito wa juu ni kilo kadhaa, na neno la mwisho la kupakia ni la dereva. Nakala ikae ndani ya gari ili dereva aweze kuionyesha.

Pili, mwenyekiti awaarifu wenyeji kabla ya safari kwamba gari lina kipimo. Mtu akiarifiwa mapema haoni kuwa amedharauliwa.

Tatu, zawadi zipokelewe zote kwa shukrani mbele ya watu, kisha zile nzito zikae kwa katekista zikisubiri lori au safari nyingine. Zawadi iliyochelewa siku tatu bado ni zawadi.

7. Neno kwa wahisani

Tunawashukuru mnaotoa magari na vifaa vyake. Mkiombwa keria, ulizeni: paa linaruhusu kilo ngapi, keria ina kilo ngapi, na gari hupita barabara gani? Kamati isiyoweza kujibu isinyimwe. Isaidiwe kutafuta majibu. Katika fedha mnazotoa, wekeni pia mikanda, turubai na mizani ya kuning'iniza. Vitu hivi havipigwi picha siku ya makabidhiano, lakini ndivyo vinavyolinda watu. Vilevile tunaomba msidai bango kubwa la jina mbele ya keria, maana linazuia upepo na kula mafuta ambayo parokia hununua kwa sadaka.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Paa la gari letu linaruhusu kilo ngapi, na tumelisoma wapi?
2. Keria tuliyonayo, au tunayoitaka, ina uzito gani?
3. Ni kona ipi au mteremko upi ulio mbaya kuliko yote katika eneo letu? Dereva anasemaje kuhusu kupita hapo akiwa na mzigo juu?
4. Safari iliyopita gari lilirudi na nini? Nani aliamua kipakiwe?
5. Usiku wa leo akiletwa mama mjamzito, itachukua muda gani kushusha mizigo na kulala tayari kwa safari?

Jibu la swali la nne lisomwe kwa sauti kwenye kikao, na dereva awepo. Kisha ndipo aitwe fundi.