Somo la Viongozi wa Matawi: Kompyuta Ikifa, Mafaili Hayajafa



Siku hizi katika matawi mengi orodha ya wanachama, hesabu ya ada na barua za madai hazikai tena kabatini. Zimo ndani ya kompyuta moja, mara nyingi kuukuu, iliyo juu ya meza ya katibu. Siku ikiwashwa ikaleta skrini ya bluu, au ikazunguka-zunguka bila kufika popote, watu hushika vichwa na kusema kila kitu kimepotea. Katika somo hili tunataka kueleza kwamba mara nyingi si kweli, na kwamba hasara yenyewe huletwa na haraka ya kutengeneza.

Ndani ya kompyuta mna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna mfumo wa uendeshaji, ambao kwa wengi wetu ni Windows, na kuna mafaili yetu. Fikirini stoo ya shamba. Mtunza stoo akiugua, mlango haufunguliwi na hakuna wa kukuonyesha gunia liko wapi, lakini magunia hayakuugua. Windows ndiye mtunza stoo. Umeme ukikatika wakati anajibadilisha, au virusi vikimharibu, hawezi kuamka. Orodha ya wanachama bado iko kwenye diski, kwa kawaida ndani ya folda iitwayo Users, chini ya jina la aliyekuwa akitumia mashine.

Sasa pelekeni mashine hiyo kwa fundi. Jibu la kwanza litakuwa: "Nitapiga Windows upya." Hatumlaumu, hiyo ndiyo kazi anayolipwa, na mashine itawaka kweli. Lakini kupiga Windows upya mara nyingi huanza kwa kufuta diski. Mtunza stoo mpya anaingia stoo ikiwa imekwisha kufagiliwa. Kwa hiyo bandikeni karatasi juu ya mashine kabla haijatoka ofisini: USIFUTE, NAKALA KWANZA.

Tunalijua tawi moja la wachuma chai lililokuwa likidai malimbikizo ya saa za ziada ya miezi kumi na minne. Kila jioni wawakilishi walileta saa za kila kikosi, na katibu akaziingiza. Kompyuta ikafa siku tisa kabla ya kikao cha usuluhishi. Mwajiri alikuwa na vitabu vyake, na bila orodha ya tawi hivyo vingekuwa ndivyo vitabu pekee mezani. Aliyewaokoa ni kijana wa karakana, kwa flashi mbili na kompyuta ya kuazima. Njia yake kila tawi linaiweza.

Alichukua flashi tupu ya GB 8, maana chochote kilichomo hufutwa. Kwenye kompyuta nzima akapakua Ubuntu kutoka intaneti na kuiandika katika flashi hiyo kwa programu iitwayo Rufus. Zote mbili ni za bure. Ubuntu ni mfumo wa uendeshaji kama Windows, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 na kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni la Kizulu na Kixhosa, na ni ndugu wa neno letu utu. Kisha akachomeka flashi kwenye mashine mbovu, akaiwasha huku akibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwa Dell na Lenovo mara nyingi ni F12, kwa HP ni Esc halafu F9. Skrini ikiuliza, chagueni palipoandikwa Try. Msiguse Install! Hiyo ya pili ndiyo inayoweza kufagia stoo.

Hapo mashine hutembea kwa nguvu ya flashi, Windows ikiwa bado imelala. Ifungueni diski, ingieni Users, nakilini kila kitu kwenye flashi ya pili.

Njia nyingine ni kuitoa diski, kuitia katika kasha la USB na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine ya Windows. Huko mtaweza kuambiwa kwamba hamna ruhusa ya kufungua folda. Msiogope. Mtunza stoo wa pili hamjui mwenye mali wa kwanza, basi. Mtu mwenye madaraka ya msimamizi kwenye kompyuta hiyo anaweza kujipa umiliki wa folda na kuendelea.

Kufuli la BitLocker ni jambo jingine kabisa. Kompyuta nyingi mpya huja nalo, na hapo kila gunia limefungwa kwa kufuli lake. Kuitoa diski hakusaidii. Unatakiwa ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya aliyeianzisha mashine. Kama aliyeianzisha ni katibu aliyekwisha kuacha kazi, mtafuteni leo, mashine ikiwa bado nzima, ufunguo uandikwe na kuwekwa na mweka hazina.

Diski ikigonga kwa sauti, tok tok tok, zimeni mara moja. Huo si ugonjwa wa Windows, ni chuma chenyewe kinachokufa, na kila saa ya kuiwasha hupunguza kinachoweza kupatikana. Hapo tafuteni mtaalamu wa diski.

Na ikiwa fundi amekwisha kufuta? Msiandike lolote juu ya diski hiyo. Ipo programu ya bure, PhotoRec, ya Christophe Grenier wa Ufaransa, inayochambua diski na kuokota mafaili yaliyofutwa. Matokeo yawekwe kwenye diski nyingine. Mafaili mengi hurudi bila majina, kwa hiyo tengeni watu wa kuyafungua moja moja. Diski za kisasa za SSD hujisafisha zenyewe baada ya kufutwa, na huko matumaini ni madogo sana.

Kabla ya kumruhusu fundi apige Windows, fungueni nakala kwenye kompyuta nyingine: orodha ya wanachama, hesabu ya ada, saa za ziada, moja baada ya nyingine, katibu na mweka hazina wakiwa pamoja. Nakala moja ibaki kwa katibu, ya pili kwa mweka hazina, na tarehe iandikwe juu ya kila moja.