Haki ya Wanyama wa Nyumbani Wakati wa Kaskazi

Katika darasa yetu ya baada ya Isha, kijana mmoja miongoni mwetu aliuliza suala lililotunyamazisha. Alisema kwamba watu wa nyumbani kwao walifunga nyumba yao hapa Malindi kwa siku nne, wakaenda arusini Mombasa, na ulikuwa mwezi wa Februari. Paka wao alibaki ndani ya stoo ya mabati pasi na mtu kujua. Waliporudi walimkuta amekufa, pua yake i chini ya mlango. Mamake akamwambia, "Ni paka tu, mwanangu." Naye akataka kujua kwetu: je, ni paka tu?

Usiku ule hatukumjibu. Tulipenda kwanza turejee vitabuni, na tumwulize mtu ajuaye tiba ya wanyama. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Ama upande wa sharia, Bukhari na Muslim wote wawili wamepokea habari ya yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia: hakumlisha wala hakumwacha akatoka kujitafutia. Tazama, ndugu msomaji, kwamba mwanamke yule hakutajwa kwa kumpiga paka wala kwa kumchoma. Ametajwa kwa mlango uliofungwa. Hata hivyo, hatusemi kuwa watu wa kijana wetu ni kama yeye, kwani aliyesahau si kama aliyekusudia. Lakini ajuaye kwamba paka hupenda kulala stoo, kisha akaifunga bila ya kutazama, huyo usahaulifu wake umekaribia kuwa uzembe.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi hawakuliacha jambo hili kuwa la huruma peke yake. Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, ameandika katika Minhaj kwamba kumlisha na kumnywesha mnyama ni wajibu wa mwenyewe, na akikataa, kadhi humlazimisha. Na katika mlango wa tayamamu mafakihi wamesema jambo ambalo wengi wetu twalisoma utotoni na kulipita mbio: mtu akiwa na maji machache, na mnyama mwenye heshima kisharia ana kiu, basi maji ni ya mnyama, na yeye atayamamu mchanga. Udhu wenyewe, ambao ni ufunguo wa Sala, wampisha mnyama mwenye kiu! Nasi tuliosoma hayo ndio tunaomfukuza paka penye birika la msikiti kwa kiatu. Twajisema wenyewe kwanza, maana tumefanya hayo mara nyingi. Abu Qatada, sahaba wa Mtume (s.a.w.), yeye aliinamisha chombo chake cha udhu ili paka apate kunywa.

Sasa tuje kwenye kaskazi yenyewe. Tangu Desemba hata Machi jua la pwani yetu, kuanzia Mtwapa na Kilifi mpaka Mambrui, hupita nyuzi 30 karibu kila mchana, na pamoja na joto hilo kuna unyevu wa bahari. Unyevu huu ndio wenye madhara zaidi. Mwanadamu hutoka jasho mwili mzima, na jasho likikauka humpoza. Mbwa na paka hawana jasho ila kidogo sana katika nyayo zao. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema na kutoa ulimi, na kuku kwa kufungua mdomo na kutanua mbawa. Kuhema kwafaa hewa ikiwa kavu. Hewa ikiwa imejaa maji, mnyama hutweta bila ya kupata nafuu. Joto la mwili wa paka na mbwa ni kama nyuzi 38 na nusu, na likifika 41 uhai wake umo hatarini. Kwa hivyo mwenzetu wa nyika, penye jua kali lakini kukavu, huenda mbwa wake akastahimili siku ambayo wa Kilifi mjini ataanguka.

Dalili zake ni kuhema kwa nguvu, mate mazito, ufizi kuwa mwekundu sana, kuyumba, kutapika. Mnyama wa namna hiyo atiwe kivulini, amwagiwe maji ya kawaida mwili mzima na kupepewa, apewe maji ya kunywa kidogo kidogo bila ya kulazimishwa, kisha apelekwe kwa daktari wa mifugo. Paka akionekana anahema kwa mdomo wazi kama mbwa, asingojewe.

Kinga ni nyepesi kuliko tiba. Chombo cha udongo hupoza maji kuliko cha plastiki. Kiwekwe chini ya mwarobaini, kioshwe kila siku, na nyumba kubwa iwe na viwili. Banda la mabati ni tanuri wakati wa adhuhuri. Wazee wetu walioezeka kwa makuti hawakuwa wajinga, na banda la kuku au sungura lingefaa lirudi huko. Maziwa si badala ya maji: paka wengi wakisha kukua maziwa huwaendesha tumbo, wakazidi kukauka. Tena tusiwape wanyama dawa zetu. Kidonge kimoja cha panadoli chaweza kumwua paka, na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini ni sumu kwake.

Punda ndiye tunayemdhulumu kuliko wote, maana kimya chake twakifanya ni ridhaa. Katika joto hili punda wa kazi huhitaji kama lita 15 hata 25 za maji kwa siku. Tulimwona mmoja njiani, saa saba mchana, amebeba mkokoteni wa mitungi ya maji ya kuuza, mabega yamechubuka kwa kamba, naye hakupewa hata kopo moja katika maji aliyoyabeba. Tulipomsemesha kijana wake, alijibu kwamba amemfunga hirizi shingoni, haitampata jicho. Subhana Llah! Mtume (s.a.w.) aliamuru zikatwe kamba zilizofungwa shingoni mwa ngamia. Maradhi ya punda yule hayakuwa jicho. Yalikuwa kiu na kamba. Apewe maji kabla ya kazi, katikati na baada yake; apumzishwe tangu saa sita hata saa tisa; na penye kuchubuka pawekwe kitambaa kinene safi, au asifungwe mpaka papone.

Watu wa mji huu walijua kutunza mnyama. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga mbele ya mfalme wa Uchina, naye yu hai baada ya safari ndefu ya bahari. Twiga hafiki huko kwa hirizi.

Lilibaki suala la mbwa, ambalo liliwagawanya wenzetu. Mate ya mbwa ni najisi kwetu, na chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Lakini najisi ni hukumu ya kuosha, haikuwa ruhusa ya kumtesa. Na aliyemtekea maji mbwa mwenye kiu kisimani alisamehewa dhambi zake. Ramadhani za 2024 na 2025 ziliingia mwezi wa Machi, nasi tulijua wenyewe kiu ya Alasiri. Anayefuga mbwa wa ulinzi shambani na amnyweshe, amfunge kivulini, na amchanje kichaa cha mbwa kila mwaka. Atakayeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile.

Tumemjibu kijana wetu kwamba hakuwa paka tu. Mamake alipoelezwa alinyamaza, kisha akatuletea mtungi mdogo wa udongo, nao sasa umewekwa karibu na kisima cha msikiti. Mzee mmoja alichelea mbwa wa jirani wasije wakauramba, na hoja yake ilikuwa na haki, kwa hivyo tumeweka kigae kingine nje ya ukuta, upande wa barabarani. Kijana ndiye anayevijaza vyote viwili kila baada ya Alfajiri.