Mtoto Aseme Lililo Moyoni

Ndugu mwalimu mwanafunzi, usianze somo la utungaji kwa kuhesabu mizani. Ubeti wa tarbia una mishororo 4, na kwa desturi kila mshororo una mizani 16. Lakini asiye na la kusema hana cha kupima.

Kwanza, mtoto achore kwa mkaa jambo aliloliona mwenyewe: kisima, mvua, au bibi yake akitwanga. Pili, aandike insha fupi kueleza kwa nini amelichagua. Tatu, atoe humo mshororo mmoja. Ndipo mhesabu mizani pamoja kwa makofi.

Rasimu ya kwanza usiitie wino mwekundu. Mtoto anayesahihishwa kabla ya kusikilizwa hujifunza kunakili ya ubaoni, na lake hulimeza.