Kweli Yote Mbele ya Umati
Somo: Marko 5:25–34

Mwanamke wa somo letu aliugua miaka 12. Alitetemeka, lakini alieleza kweli yote mbele ya umati, na Yesu akamwita binti.

Mwaka 2006 daktari wa wanawake wa Jeddah, Samia Al-Amoudi, aligundulika na saratani ya matiti. Wakati ule wengi waliona aibu hata kuitaja. Yeye aliandika habari zake gazetini, wengine wapate kupimwa mapema. Mwaka 2015, Riyadh, wanawake zaidi ya 8,000 walisimama pamoja wakaunda utepe mkubwa wa kuhamasisha afya.

Saratani hii haisubiri uzee. Binti aliye kazini mbali na kwao anaweza kuona uvimbe akanyamaza, akihofia kupoteza kazi. Tumwambie: uvimbe titini au kwapani, chuchu inayotoa damu, ngozi iliyobonyea, visingoje likizo. Aende hospitali. Nasi tumwombee, maombi na matibabu havishindani.

Swali la familia: Binti yetu akipiga simu kusema ana uvimbe, tutamsikiliza, au tutauliza kwanza habari za mshahara?